Pa Kulala Mwanza

Kijiwe cha Mzee Maige kilikuwa pale Ushirombo, njia ya misheni inapoingia barabara kubwa: benchi moja la mninga lililolainishwa na makalio ya watu, birika la kahawa juu ya jiko la makaa, na mkokoteni mbovu uliorundikwa magunia ya mahindi. Ilikuwa ule mwaka sukari iliporudi madukani na biashara zikaanza kufunguliwa, kwa hiyo kahawa ilikuwa tamu na maneno yalikuwa mengi. Asubuhi hiyo neno lilikuwa moja tu. Clemens, mwanafunzi wa sheria wa Mlimani aliyekuwa likizoni, alikuwa anaomba kujifunza kazi kwa miezi mitatu katika ofisi ya mawakili wa makampuni kule Mwanza. Nafasi ilikuwa moja, waombaji hawahesabiki, mshahara hakuna. Barua ilitakiwa ipande basi la saa nne, maana kesho yake mlango unafungwa. Mke wake, Nyamizi, alikaa pembeni juu ya kigoda, mtoto mgongoni, ameishika bahasha kwa ncha za vidole ili isichafuke.

– Soma tena, alisema Pingamizi. Jina lake hasa ni Telesphori, aliyekuwa mzee wa baraza mahakama ya mwanzo. Hata shikamoo aliipinga kwanza ndipo akaitikia.

– "Naomba kwa heshima..."

– Napinga! Wakili haombi. Anza hivi: "Napinga kunyimwa nafasi."

– Hawajaninyima bado, mzee.

– Ndiyo uwawahi! Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta ndio mzuri. Jenga ukuta kabisa!

Karati alicheka mpaka jino lake la dhahabu likaonekana. Jino hilo na jina hilo ndivyo vitu pekee alivyorudi navyo kutoka machimbo ya dhahabu ya Nyarugusu.

– Nyie hamjui kitu. Barua zikiwa nyingi vile, nani ana macho ya kuzisoma? Wanazimwaga kwenye karai la maji, wanatikisa. Nyepesi zinaondoka na matope, nzito inabaki chini. Ile inayobaki ndiyo mali.

– Barua kwenye maji, Karati? aliuliza Clemens.

– Tena maji mengi. Andika kwenye karatasi nene, mdogo wangu. Ukipata ya mfuko wa saruji, umepona.

– Uzito si wa barua, ni wa mtu, alisema Masele, ambaye wote walimwita Robota, kwa unene wake na kwa miaka aliyopima pamba ya ushirika. Mwenye kiwanda atampaje mikataba yake mtu mwembamba kama fito? Wakili aliyeshiba hahongeki. Kula ugali kwanza, barua baadaye. Haraka haraka haina baraka.

– Basi ni la saa nne, Mzee Masele, alisema Clemens.

– Ndiyo maana nakwambia ule haraka!

Clemens alicheka pamoja nao, lakini Nyamizi aliona jinsi alivyokuwa akiizungusha kalamu vidoleni. Mwaka uliopita aliomba mara mbili Dar es Salaam, na mara zote mbili wakachukuliwa wenzake wenye wajomba maofisini. Yeye mjomba hakuwa naye. Alikuwa na benchi hili.

Na barua ilikuwa na mstari mmoja mtupu ambao benchi zima lilikuwa likiuruka. Ofisi ilitaka mwombaji aeleze atakaa wapi mjini, kwa kuwa haitoi malazi. Nyamizi alipomuuliza mumewe, alijibu, "Mungu atajua," kisha akageukia ukutani. Mwanza yote walikuwa na mtu mmoja tu: mama yake Nyamizi, Generoza, muuza dagaa mwenye chumba kimoja Kirumba. Lakini huyo ni mama mkwe. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja huingia porini, na kulala chini ya paa moja hakutamkiki hata kwa utani. Kwa hiyo mstari ulibaki mtupu.

– Ngoja niwape la ndani kabisa, alisema Karati, akishusha sauti. Ofisi hizi zina kachero. Anatumwa mpaka kwao mwombaji. Anajifanya mnunuzi wa ngozi, au mama wa dagaa, anasogea kijiweni, anawasikiliza mnavyomsema kijana. Akirudi, ndiyo majibu.

– Kwa hiyo ndio sisi tunafanyiwa mtihani! Robota alivuta shati likafunika tumbo.

Wakati huohuo lori la pamba lilisimama ng'ambo. Akashuka mwanamke mmoja, kikapu cha dagaa kichwani.

– Mnaona? alinong'ona Karati. Mnaona?

Clemens naye aliona. Alitoka benchini kama jiwe la teo, akazama nyuma ya mkokoteni wa mahindi, barua mkononi.

– Hata mwenyewe amemtambua! Pingamizi alisimama na mvi zake zote. Shikamoo, mheshimiwa!

– Marahaba... nani mheshimiwa? Mwanamke alitua kikapu. Aliutazama mkokoteni, akaona kisigino kimebaki nje, akajifunika kanga usoni na kugeukia upande wa misheni. Wazee, nina swali moja tu juu ya kijana wenu.

– Uliza! alidakia Robota. Hajawahi kuiba hata muwa!

– Huko Mwanza atalala wapi?

Karati alichungulia ndani ya kikombe chake. Robota alikohoa, akaanza, "Kulala, unajua, kulala..." akaishia hapo.

– Napinga swali, alisema Pingamizi.

– Kwa nini?

– Halina jibu.

Nyamizi alisimama. Hakuwahi kusema neno mbele ya benchi lile zaidi ya salamu.

– Hana pa kulala, mama.

– Najua, mwanangu. Utingo wa basi alinipa maneno yako yote, hata yale uliyosema huku unalia.

Wazee wote waligeuka wakamtazama Nyamizi. Kisigino nyuma ya mkokoteni kiliingia ndani taratibu.

Generoza alifungua pindo la kanga, akatoa ufunguo, akauweka benchini kati ya vikombe.

– Mwambieni huyo wa nyuma ya magunia: chumba ni chake miezi mitatu. Kitanda changu nimekisimamisha ukutani, asikiguse, aende na mkeka wake. Mimi nabaki huku na mjukuu wangu Anisia, nitalala jiko la nje, nitauza dagaa. Siku atakayoshuka yeye kwenye basi, mimi napanda.

– Basi hamtakuwa chini ya paa moja, alisema Robota polepole, kama anayesoma mizani.

– Hata siku moja.

Wote walimtazama Telesphori. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

– Sina pingamizi.

Mzee Maige nusura aangushe birika.

– Mwambieni wabeja, ilisema sauti nyuma ya mahindi, ikikwaruza. Mwambieni asante sana. Na muulizeni namba ya nyumba.

– Mwambieni haina namba. Aandike: mlango wa bluu, nyuma ya kanisa.

Nyamizi alizunguka mkokoteni. Clemens alikuwa amepiga magoti, anaandika juu ya gunia, macho mekundu.

– Kwa nini hukuniambia, Mama Anisia?

– Ungekataa.

Clemens aliikunja barua, akaitia mwenyewe kwenye bahasha aliyoishika mkewe. Basi la saa nne lilipiga honi, na kati ya mkokoteni na basi alisimama mama mkwe. Kwa hiyo Nyamizi ndiye aliyevuka barabara, mtoto mgongoni, akamkabidhi utingo bahasha na kusimama pale mpaka vumbi lilipotulia.

Aliporudi, Mzee Maige alikuwa amelipindua birika.

– Mama ameondoka? iliuliza sauti nyuma ya magunia.

– Bado, alisema Karati. Anakunywa kahawa yako. Na ndiyo ilikuwa ya mwisho.