Pua ya Semboja na Pembe ya Baba Yake

Hadithi hii alinipa Chausiku mwenyewe, yule muuza kahawa wa Masuguru, siku tuliyokaa tukichambua mchele wa harusi ya binti yake Tatu. Mambo yenyewe yalitokea zamani, mwaka wa pili tangu Azimio la Arusha, watu wanahamia vijiji vya ujamaa, na pale Masuguru, mjini Korogwe, nyuma ya reli, palikuwa na benchi la taruma chakavu, gogo la kulazia reli, lililolazwa juu ya mawe mawili. Marehemu mumewe alimwachia birika, vikombe, benchi hilo na watu wanaolikalia. Kila aliyekaa, Chausiku alimpa jina. Kibwana alimwita Redio, kwa sababu anayo, na kwa sababu hazimiki. Mhina akawa Mwenyekiti, maana hajachaguliwa hata ubalozi wa nyumba kumi. Gregori fundi baiskeli akawa Spoku. Na kulikuwa na wa nne, Semboja, dereva wa lori la mkonge, ambaye kila akiinua kikombe pua yake pana ilikaa juu yake kama mfuniko. Huyo Chausiku akamwita Kifuniko. Lakini asubuhi hii ninayowaambia, mahali pa Semboja palikuwa wazi.

— Haya Spoku, tema, — Redio akaanza. — Wewe ndiye uliyekwenda mazikoni Chanika. Ni kweli pembe ilikatika?

— Ilikatika.

— Mara ngapi?

— Kibwana, jana tu nimezika mtu. Niache ninywe kwanza.

Chausiku akammiminia. Hakuuliza kitu, lakini masikio yote yalikuwa pale. Aliyezikwa ni Mzee Hiza, baba yake Semboja, mpiga pembe. Alishuka na watu wake kutoka Bungu mlimani kwenda kuanzisha kijiji kule Chanika, Handeni, na pembe yake ya tandala, ndefu kama mkono wa mtu mzima, ndiyo iliyowatoa watu vitandani kwenda shamba la ujamaa. Sasa katika ukoo wao, mpiga pembe akifa, mwanawe wa kwanza huipuliza kutoka mlangoni mpaka kaburini, sauti moja kama uzi. Haikatiki. Ikikatika, pembe inahama nyumba hiyo, hairudi.

— Mchungaji alimaliza kuomba, — Spoku akasema, — jeneza likainuliwa, Semboja akaiweka pembe mdomoni. Jamani, ilianza vizuri. Hatua kumi, labda kumi na tano. Mara nikaona uso unamvimba.

— Pumzi zilimwishia.

— Za kutoa alikuwa nazo. Za kuingiza ndizo hakupata. Marehemu alinifundisha siku moja, nikashindwa: mashavu yanatoa, pua inaingiza, palepale, kwa wakati mmoja. Ndiyo maana sauti haikatiki. Sasa ile pua yake mpya, aliyochongewa Nairobi, kila akivuta, kuta zinaingia ndani zinagusana. Kama mpira wa baiskeli ukiufyonza upepo. Ikabidi aachie pembe avute kwa mdomo.

— Na jeneza?

— Waliobeba wakasimama. Wazee wakatazama chini. Akaanza tena, ikakatika. Akaanza tena. Mara ya nne ulitoka upepo tu, fuuu, kama mtu anapoza uji.

Kunyamaza huwa hakumfai Mwenyekiti.

— Hapo pana mkono wa mtu, — akasema. — Ami yake alipaka pilipili ndani ya pembe, aichukue yeye. Wahenga walisema, pilipili usiyoila yakuwashiani?

— Mhina, huo msemo hauhusiani.

— Si unahusu pilipili?

— Pilipili gani wewe! — Redio akadakia. — Mimi nawaambieni ni mfupa. Yule daktari wa Nairobi zamani alikuwa anashona nyuso za askari wa vita vya Hitla. Mifupa ikambakia. Semboja kampeleka bwana wa shamba la mkonge Nairobi, daktari akamwona, akasema njoo nikuchonge pua bure wanafunzi wangu waone. Bure! Akamtia mfupa wa Mzungu. Sasa mfupa wa Mzungu utakubali kupuliza pembe ya kuwaita watu shamba la ujamaa?

— Basi utaifishwe! — Mwenyekiti akapiga benchi. — Mabenki yametaifishwa, mkonge umetaifishwa, pua imebaki kwa nani?

Wakacheka. Hata Spoku alicheka kidogo. Kisha macho yao yakaangukia pale mahali palipo wazi, vicheko vikafa kimoja kimoja.

— Hakutiwa mfupa wowote, — Spoku akasema polepole. — Alipunguzwa. Tabibu wa zahanati alimweleza mbele yangu. Ukipunguza nyumba kwa nje ipendeze, ukang'oa nguzo za ndani, siku ya upepo kuta zinalala. Pua si pambo, alimwambia, pua ni mlango.

— Tabibu hajui. Samaki mkunje angali mbichi. Wangemchonga utotoni angezoea.

— Mwenyekiti!

— Nisikilizeni basi la mwisho. Ile pua ya zamani waliyoikata, unafikiri waliitupa? Iko Nairobi, kwenye chupa, kabatini. Na bado inapumua. Hewa ya Semboja yote inaishia kule. Ndiyo maana huku hapati.

Safari hii hakucheka mtu. Chausiku alikuwa anafuta kikombe kilichokwisha kufutwa. Aliiona ile pua kwenye chupa, peke yake, inavuta hewa gizani, na machozi yakamjia kwa neno la kipuuzi kama hilo.

Maana yeye anakumbuka ilivyoanza. Asubuhi ya kawaida, benchi limejaa, Semboja kainamisha uso kwenye kikombe, naye Chausiku akasema, "Kaka, hiyo kahawa yako haipoi, ina kifuniko chake." Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga kikombe. Semboja mwenyewe alicheka. Jina likatoka benchini likaenda sokoni, likapanda lori, likafika kambi za mkonge. Watoto wakamkimbilia barabarani, Kifuniko, Kifuniko! Akaenda kuposa kwa kina Justa, shangazi za binti wakaulizana mbele yake: "Huyu ndiye yule Kifuniko? Si atatuzalia masufuria matupu!" Posa ikarudi.

Mwezi ule ule akaenda Nairobi.

Aliporudi, pua imesimama nyembamba kama ukingo wa kijiko. Akaja benchini, akainua kikombe, pua haikugusa. Akamtazama Chausiku.

— Sasa utaniitaje, dada?

— Nitakuita bwana harusi, — Chausiku akamjibu.

Akacheka. Justa alikwisha kuolewa Mombo, wala hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia siku ile. Lakini Chausiku aliona jambo jingine. Semboja alipiga funda moja, akashusha kikombe, akafungua mdomo akavuta hewa, ndipo akapiga la pili. Kahawa na pumzi vinagombea mlango mmoja. Akaona, akanyamaza. Akajiambia atapona.

— Hodini hapa.

Wote wakageuka. Alikuwa mama mmoja mtu mzima, amejifunga kaniki ya msiba, vumbi la basi la Handeni mpaka kwenye kope. Kifuani amekumbatia kitu kirefu kilichofungwa kwa khanga.

— Karibu, mama. Shikamoo.

— Marahaba, wanangu. Namtafuta Semboja. Mimi mama yake, Hosiana.

Wakasimama wote watatu, wakamwachia benchi zima. Akakaa palepale palipokuwa wazi. Chausiku akampa kahawa kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo.

— Pole na msiba, mama. Semboja yuko chumbani kwake, hapo nyuma ya ghala. Tangu arudi jana hajatoka.

— Najua hajatoka. Nimemletea pembe. Jumamosi wazee wanaikabidhi kwa Mikaeli, mtoto wa shemeji yangu. Nimewaomba siku tatu. Nimesema nitakwenda mwenyewe, ajaribu tena, pengine ni uchungu tu ulimkaba.

Spoku akatazama mnyororo wa baiskeli aliokuwa anautia mafuta. Hakusema alichokisikia kwa tabibu.

Mama Hosiana alikunywa funda moja. Pua yake ndogo, haikugusa kitu.

— Ile pua alichukua kwa baba yake, — akasema. — Alipozaliwa, mkunga alicheka, akasema huyu mpiga pembe, tazama milango yake. Mzee Hiza akaenda akachinja mbuzi kwa furaha. Mtoto hata jina hana, yeye anachinja kwa ajili ya pua. — Akatabasamu, kisha tabasamu likaondoka. — Hakutuambia anakwenda kuikata. Alikuja nyumbani nayo ile nyingine, baba yake akamshika uso, akaugeuza huku na huku, akatoka nje. Hakusema neno mpaka amekufa. Sasa nyie ndio wenzake, mnakaa naye kila siku. Mimi mama yenu, niambieni tu, sina ugomvi. Ile pua yake ya kwanza ilimkosea nani?

Redio, ambaye hazimiki, alizimika. Spoku aliinua macho mara moja tu, akamtazama Chausiku, akayashusha haraka kama aliyeona uchi wa mtu.

Treni ya Tanga ikapita, benchi likatetemeka, vikombe vikagongana kwenye beseni. Ikaisha. Mama bado anangoja.

— Mniongeze basi na kahawa kidogo, — akasema, kuwapa nafasi.

Chausiku akashika birika.

— Kahawa imekwisha, mama, — akasema.

Wote wakajua siku imefungwa, wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuagana. Na birika, aliniapia Chausiku miaka yote ile baadaye, lilikuwa zito mkononi, limejaa zaidi ya nusu, mvuke unatoka.

Akampeleka mama mpaka nyuma ya ghala. Njiani alilipanga neno lake. Alilipanga vizuri, lilikuwa fupi tu: ni mimi, mama, nilianza mimi. Walipofika mlangoni wakamsikia Semboja ndani anapumua kwa mdomo, kama mtu anayepanda mlima na mzigo, na yeye amelala tu. Mama Hosiana akaikumbatia ile pembe. Chausiku akabisha hodi, akaondoka na neno lake.

Jumamosi pembe ilikwenda kwa Mikaeli. Anapuliza vizuri, wanasema. Semboja aliacha lori, akahamia kijijini kwa mama yake, na alfajiri pembe ikilia alikuwa wa kwanza kufika shambani na jembe lake, mdomo wazi. Chausiku aliendelea kuuza kahawa pale mpaka uzeeni, na hakumpa mtu jina tena. Mteja mpya akija, anamuuliza: unaitwa nani? Basi anamwita hivyo hivyo.

Haya, imetosha, mkeka umeshatandikwa. Nani yuko nje bado? Nenda kamwite mwenzio aje alale. Na mwite kwa jina lake.