Selpha Amolo na Kufuli la Njia ya Kisumu

"Kufuli ndilo linalochelewesha majibu, liondoeni." Ndivyo alivyotuandikia Bwana Mathenge, mkuu wa kompyuta wa maabara yetu huko Nairobi, mwaka 1998. Alikosea, na aliyemwonyesha ni Mama Selpha Amolo, anayestaafu tarehe 31 Desemba 1999 baada ya miaka kumi na minane nasi hapa Kisumu.

Alianza na teleksi mwaka 1981. Kompyuta zilipokuja akazisomea, akapasi, na tangu hapo hakuna fundi aliyefungua mtambo wake bila kuhojiwa kama mshtakiwa. Hata mkurugenzi hubisha hodi.

Mwaka ule wa 1998 majibu ya damu ya wagonjwa, yale ya UKIMWI yakiwemo, yalianza kwenda Nairobi kuthibitishwa kwa njia ya faragha ndani ya intaneti. Yalisimbwa, yaani yaligeuzwa maandishi ya siri, ili atakayeyadaka njiani asisome lolote; hilo ndilo kufuli lenyewe. Laini ya simu ikalemewa. Majibu ya asubuhi yakawa yanafika jioni, na Nairobi wakataka yapite wazi. Mama Selpha akakataa katakata. Mgonjwa wa hapa jirani Otonglo akijua jina lake linapita uchi kwenye waya, alisema, harudi tena kupimwa. Sisi tunaoishi hapa tunajua hiyo si hofu ya bure.

Akaanza kwa kujichunguza mwenyewe, maana ndiye aliyeiweka modemu, kile kifaa kinachopitisha data kwenye laini ya simu, ibane data ipite upesi. Lakini modemu huipokea data ikiwa imekwisha kusimbwa, na data iliyosimbwa haibaniki: imevurugwa mpaka hakuna kinachojirudia cha kufupishwa. Akazima ubanaji wa modemu, akauwasha ndani ya programu ile ile inayosimba, utangulie usimbaji. Kisha akampigia Mathenge simu; ofisi nzima tulisikia.

"Bwana Mathenge, omena hushindiliwa kabla gunia halijashonwa. Ukishashona, unakanyaga bure!"

"Mama, mimi mtu wa Nyeri. Dagaa hao nawaona kwa sahani tu."

"Basi fikiria majani chai ya kwenu!"

Tangu wiki ile majibu ya asubuhi hufika asubuhi, na kufuli liko palepale.

Mama Selpha, asante. Nenda nyumbani Nyamasaria ukagombane na kuku wako. Tunakuombea afya na miaka mingi ya raha.

Nanyi wanakamati wa kompyuta, mtakaoketi Januari kujadili "kurahisisha njia ya Kisumu": msiguse mpangilio wake. Kama yuko kati yenu anayetaka majina ya wagonjwa yapite wazi, aje kwanza apimwe hapa, na majibu yake tuyabandike langoni.