Alama Nne Mkononi mwa Bi Taipu

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja, na kila asubuhi lilibeba mabingwa wa kila jambo. Palikuwa na Kinyozi mwenyewe, ambaye ulimi wake ulifanya kazi kuliko mkasi. Palikuwa na Dereva, aliyestaafu malori lakini si kelele. Na Profesa, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuna swali lililowahi kumshinda, hata lile asilolielewa. Asubuhi hiyo akatokea Bi Taipu, mama wa miaka sabini na minne aliyepiga taipu ofisini miaka thelathini. Wiki mbili hakuonekana pale. Jua lilikuwa la kuchoma, naye kavaa sweta.

— Bi Taipu! Tulidhani umeshatutupa mkono!

— Sijafa, Dereva. Nisogezee kahawa.

— Na sweta hilo? — Kinyozi akauliza.

— Baridi ya mifupa hiyo, — akadakia Profesa. — Inaanzia kisiginoni, inapanda mpaka kwenye ubongo. Nimesoma.

— Umesoma wapi, mwongo wewe? — Dereva akasema. — Huyo kapata mchumba. Mtu akipendwa husikia baridi.

Bi Taipu akacheka, akanyoosha mkono kupokea kikombe. Sweta likapanda. Juu ya kifundo cha mkono palikuwa na alama nne nyeusi, na ya tano upande wa pili.

Kicheko kikakatika.

— Nimejigonga mlangoni, — akasema haraka. Sentensi hiyo alikuwa ameifanyia mazoezi.

— Mlango una vidole? — Kinyozi akauliza kwa sauti ya chini.

Bi Taipu akashusha mkono wa sweta. Ni mtoto wa kaka yake, ambaye yeye mwenyewe alimfuta kamasi kwa mikono hii hii. Mwaka jana alihamia kwake na mkewe, eti kumtunza. Wakaanza kwa kumchukulia simu, kwamba anapiga ovyo. Ikafuata miwani, kwamba ataivunja. Kisha kufuli, kwa nje. Juzi Bi Taipu alipotaka kutoka, mpwa wake alimkamata mkono akambana mpaka akapiga kelele. Leo mke alikwenda sokoni akasahau kufunga.

Yote hayo aliyasema akiwa ameinamia kikombe.

— Dah! Mambo ya ukoo hayo, — Kinyozi akasema. — Ukiingia, unatoka na lawama.

— Ukoo gani? Twende tukamng'oe meno! — Dereva akafoka.

— Meno yataota tena, — alisema Profesa. — Tuandike barua mahakama ya kimataifa. Waje na helikopta.

— Itatua wapi? — Dereva akauliza.

— Kwenye paa la Kinyozi.

— Paa langu? Hata paka halimhimili!

Bi Taipu alikaa katikati yao kama mzigo uliosahauliwa kituoni. Hata nyumbani walimsema hivyo hivyo, kana kwamba hayupo.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama akingoja kahawa yake. Alikuwa muuguzi wa zahanati ya ng'ambo ya barabara, hana hata mwezi mtaani.

— Samahanini, — akasema. — Mmemuuliza mwenyewe anataka nini?

Dereva akasogea kumpisha.

Muuguzi akachuchumaa mbele ya benchi.

— Mama, unataka nini?

Mwaka mzima hakuna aliyemuuliza. Jibu lilitoka bila kutafutwa.

— Nataka miwani yangu. Nataka simu yangu. Na wale watu watoke nyumbani kwangu.

— Basi tuanzie zahanati, alama hizi ziandikwe. Halafu ustawi wa jamii, halafu polisi. Ukikubali.

— Nimekubali.

Hapo mpwa akaja mbio, anahema.

— Shangazi! Nani kakuruhusu kutoka? Jamani, msimsikilize. Uzee umemchanganya.

Bi Taipu akavua sweta, taratibu, mbele ya mtaa mzima. Akanyoosha mkono.

— Na huu nao umechanganyikiwa?

Mpwa akapiga hatua kumwendea. Kinyozi, yule yule wa mambo ya ukoo, akasimama katikati na kitana mkononi. Hakumgusa mtu. Dereva akasimama kando yake, na Profesa upande wa pili. Bi Taipu akavuka barabara na muuguzi wake, kichwa juu.

Afisa wa ustawi wa jamii alifika nyumbani kesho yake na askari, akawapa mpwa na mkewe mpaka Jumamosi wawe wamehama. Siku hizo Bi Taipu alilala kwa jirani, na Jumamosi alikuwa mlangoni kwake, miwani usoni, akiangalia godoro la wale watu likitolewa. Mpwa akageuka getini.

— Utaona. Siku ukianguka humo peke yako, nani atakuokota?

— Nikianguka, — akasema Bi Taipu, — nitaangukia kwangu.

Akafunga mlango, kwa ndani.