Bomba la Mililita Tano

Fundi cherehani alishapitiliza kituo chake, lakini angeshukaje, na ugomvi wa abiria wawili wa siti ya mbele ndio kwanza umenoga?

"Wape wanafunzi wako wa uuguzi kikokotoo, dada. Kuzidisha kwa kichwa ni kuwatesa bure," alisema mwalimu wa hisabati.

Muuguzi akamgeukia. "Jana mwanafunzi wangu karuka nukta, kikamwambia mililita hamsini za dawa. Mgonjwa ni kichanga, bomba lenyewe la sindano ni la mililita tano! Nikamkuta analijaza mara ya tatu, anamimina kikombeni, wala hashtuki."

"Hata kwa kichwa angekosea."

"Angeshtuka, kaka!"

"Kwani hesabu alifundishwa wapi huyo?"

Basi likasimama. Muuguzi akaonyesha kwa kidevu lango la shule.

"Mwalimu, shuleni kwako hapa!" akaita kondakta.

Mwalimu hakuinuka.