Jicho Apelekwa Kwenye Uyoga

Benchi letu liko mbele ya duka la Hatakeyama, kando ya mashine ya kahawa za kopo. Tangu kiwanda kizime tanuru la mwisho la chuma, tunashinda pale. Asubuhi hiyo Onodera akatokea kabla ya saa nne, koti jeupe bado mwilini. Tunamwita Jicho: miaka thelathini na moja alijua joto la chuma kilichoyeyuka kwa kukitazama tu. Ndiyo kwanza siku hiyo aanze kazi mpya aliyopangiwa na kiwanda, kulima uyoga, biashara walioianzisha badala ya chuma.

— Mbona mapema? akauliza Redio, mwenye habari za mji mzima.

— Nimeondoka. Msimamizi kanipa kipimajoto. Mimi! Eti, "Mzee, usikisie, soma namba."

— Ukafanyaje?

— Nimekivunja.

Benchi zima likawaka.

— Tatizo pesa yetu, yeni, bwana! Redio akasema. Imepanda mno, chuma chetu hakinunuliki ng'ambo.

— Yeni kitu gani! nikamkata. Tatizo ni Tokyo. Baada ya vita walitubembeleza: toeni chuma, nchi isimame. Tukatoa reli, tukatoa meli. Nchi imesimama, sasa sisi tukae chini!

— Na Wakorea je, wanaotunyang'anya soko? Redio akamgeukia Mwalimu. Nani alikwenda kuwafundisha kuwasha tanuru?

Mwalimu, aliyepata jina kwa safari hiyo hiyo, akabamiza kopo.

— Nilitumwa! Wewe ungekataa?

— Umewapa mpaka ujuzi wa Jicho! Ndiyo maana leo yuko kwenye uyoga. Na mwakani, nasikia, ndani ya tanuru letu watafuga samaki, mikunga!

— Rudia!

— Narudia! Umetuuza!

Mwalimu akamkwida ukosi. Jicho akajitupa katikati yao.

— Acheni! Aliyevunja kitu ni mimi!

Hapo ndipo Fusae, mke wake, aliposimamisha baiskeli mbele yetu.

— Shemeji, karibu, nikasema.

 Alimtazama mumewe.

— Ofisi wamepiga simu. Wanasema ukitaka, urudi. Kesho nikufungie chakula cha kazini, au nisifunge?

Jicho akatutazama, mmoja mmoja. Mwalimu akauachia ukosi wa Redio. Redio akaunyoosha. Nami nikainamia viatu vyangu.

Fusae akashika tena usukani.

— Basi nitafunga, akasema, akapanda baiskeli yake.