Midomo ya Kapteni Malabanan Yastaafu

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuwatahini marubani wanafunzi hapa Bulacan, Ufilipino, Kapteni Crisanto Malabanan anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Mei. Anga, tunahakikishiwa, litabaki mahali pake.

Hakuna mtahini aliyeiheshimu sheria kama yeye. Alimfelisha mpwa wake kwa kusahau mkanda, kisha jioni akaenda kula tambi za pansit kwao na kuomba aongezewe.

Sheria inasema hivi: mtahini akipunguza nguvu ya injini angani, kana kwamba imezimika, asimwambie mwanafunzi atue wapi, wala asinyooshe kidole. Kapteni hakusema, hakunyoosha. Alikunja mikono juu ya tumbo kama mtakatifu, akabinua midomo kuelekea shamba kavu la mpunga. Midomo sheria haikuitaja. Sisi wa hapa, ambao mama zetu hutuonyesha chumvi ilipo kwa midomo, tulifaulu jaribio hilo sote, tukajiona hodari.

Wageni ndio walioumia. Park Do-yun alikuja kutoka Korea na leseni safi ya kwao, ambayo hapa haimruhusu kurusha hata tiara mpaka afaulu mtihani wetu. Akafeli mara mbili. Kama angefeli ya tatu, shule ingemrudisha nyumbani.

"Dada, yule mzee ananibusu," alilalamika kantini. "Nikageukia dirisha langu, kwa heshima."

Upande wa dirisha lake palikuwa na mabwawa ya samaki.

"Wewe kaka nawe! Nani akubusu na jasho hilo?" nilimwambia. "Anakuonyesha shamba. Fuata midomo!"

Jumatatu akaifuata. Ndege ilishukia shamba kavu kama mbuzi aliyeona majani, kisha ikapaa tena, na leseni ikatiwa sahihi.

"Hatimaye umejifunza kutazama nje, mwanangu," Kapteni alimpongeza, bila haya yoyote.

Kapteni, asante kwa kutotusaidia. Mtihani wangu wa leseni ya ngazi inayofuata ni mwezi ujao, na mtahini mpya kutoka Manila, tunasikia, huvaa barakoa. Kwa hiyo siku hizi nayatafuta mashamba makavu kwa macho yangu mwenyewe, na naanza kuyaona.

Uwe na maisha mema, wajukuu wakuchoshe. Ila siku yangu ikifika, pita uwanjani. Mikono iache ipumzike. Midomo uje nayo, kwa tahadhari tu.