Chupa Yangu Dirishani

Akina mama, kaeni. Wimbo tutaimba nikimaliza, kwa sababu nikianza na wimbo nitalia, na leo sikuja kulia. Nimekuja nikiwa nimeudhika, na nitawaambia kilichoniudhi.

Wengi wenu mnanijua kwa ubaya. Mimi ndiye ninayepima maziwa yenu kituoni kila asubuhi, na mkiniona na laktomita yangu ya kushika maji mnasonya. Nimekataa maziwa ya watu hapa, na wengine wao wamekaa mstari wa mbele wananitazama. Sawa tu. Kipimo ni kipimo.

Mwaka jana, wakati wa kuchuma kahawa, nilikuwa naoga nikashika uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu kama punje ya njahi kavu. Nikaenda hospitali, sitaitaja. Daktari akasema ni lazima wakate kanyama kadogo kapelekwe maabara Nyeri mjini, ndiyo wajue kama ni saratani. Wakakata, wakakaweka kwa chupa. Muuguzi akaniambia, "Mama, kaa hapo kwa benchi, utaitwa."

Nilikaa. Ilipofika saa tisa nikakumbuka maziwa ya jioni. Nani angepokea? Maziwa hayangoji, si ndiyo tunasema? Nikajifunga leso, nikapanda boda boda, nikaenda kupokea maziwa na bandeji kifuani. Nikajiambia, wako na namba yangu ya simu, watapiga.

Hawakupiga. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bwanangu akasema, "Wakinyamaza ni kuzuri. Kungekuwa kubaya wangepiga." Jirani yangu akasema daktari akinyamaza ujue anatafuta maneno ya kukuambia. Nikawa nabeba simu mpaka chooni. Ikilia naruka, kumbe ni mtu anauliza kama lori la maziwa limefika!

Halafu mkaanza kuja kunitembelea. Ndiyo, ninyi. Nawapenda, lakini wacha niseme ukweli, mlinichukiza. Mlikuwa mnakuja na sufuria ya githeri na macho yenu yote kwa kifua changu. Mmoja wenu aliniombea ati Mungu anipokee kama ni mapenzi yake. Nikamwambia, "Mama, mimi bado nataka chai. Wacha anipokee nikishamaliza kikombe." Mlicheka, lakini moyoni nilikuwa nimeoza. Nilichukia mwili wangu. Hata harufu ya maziwa, ambayo nimeishi nayo miaka yote hiyo, ilinikaa kooni kama samli iliyoharibika.

Na sikuuliza! Mimi huyu, ninayepiga kelele kituoni mpaka mbwa wanakimbia, mbele ya koti jeupe nilikuwa mpole kama mwana-kondoo. Niliogopa kusumbua daktari.

Wiki ya saba, asubuhi moja, nikakataa maziwa ya mama fulani. Yuko hapa, anajijua. Yalikuwa na maji. Akaweka mikono kiunoni, mbele ya foleni yote, akasema, "Ati maji? Maziwa yangu umeyapima dakika mbili na umeshanihukumu. Na hako kanyama kako? Wiki saba! Kanapimwa na nani?"

Watu wakageuka kunitazama. Haki, nilitaka kumrukia. Lakini maneno yake yaliniingia. Mimi sampuli ya mkulima ikipotea nageuza kituo chini juu. Kila chupa naiandika jina. Na yangu sikuwa hata nimeuliza iko wapi. Yule mama akaona uso wangu, akashusha mikono. Akasema, "Funga hiyo mikebe, twende."

Tulienda hospitali sisi wawili. Karani akaniuliza jina, akaenda dirishani, akarudi na mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia. Juu ya mkebe kulikuwa na nusu chapati ndani ya gazeti. Akaisogeza, akaingiza mkono. Ndani kulikuwa na chupa nne. Akatoa yangu.

"Mama, ulipotelea wapi? Tulikungoja uje uchukue upeleke Nyeri. Hapa kila mtu anapeleka yake."

"Nani aliniambia?"

"Uliitwa, haukuwa kwa benchi."

Nikamwonyesha chupa. "Na hii namba ya simu iliyoandikwa hapa ni ya nani?"

Akaangalia. "Ni yako."

"Mbona hamkupiga?"

"Simu ya ofisi haina kredit."

Nikaiinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Kifuniko kilikuwa kimelegea, dawa ya kuhifadhi imekauka, na nyama ya mwili wangu imejikunja humo ndani kama kipande cha ngozi kuukuu, chini ya chapati ya mtu! Wiki saba wao wananingoja mimi, na mimi nawangoja wao. Hata leo chapati siwezi kuila. Yule mama alimwambia karani maneno ambayo sitayarudia mbele ya pasta.

Ilibidi nikatwe tena. Safari hii niliondoka na chupa yangu ndani ya kiondo, nikaishika magotini mpaka Nyeri. Maabara nikaomba namba ya sampuli, na jina la mtu wa kumuuliza, na kila asubuhi nikishapima maziwa yenu nilimpigia. Siku ya tisa akasema majibu yametoka. Ilikuwa saratani, lakini ilikuwa haijasambaa. Nilitolewa titi, nikachomwa dawa, nywele zikaisha, na sasa zimerudi, ona, zimerudi na mvi zake zote.

Namshukuru Mungu. Namshukuru bwanangu, aliyejifunza kukamua kwa lazima. Namshukuru yule mama mwenye mdomo. Mdomo wake ndio uliniokoa, na maziwa yake nitayakataa tena akitia maji.

Lakini nilisema kulikuwa na chupa nne. Mbili sikujua majina. Ya nne nilijua. Ni ya mwenzetu mmoja, alikuwa akileta maziwa kwa mkebe wa buluu, tulimzika mvua zikianza. Nikamuuliza karani, "Na huyu?"

Akasema, "Huyo pia hajakuja kuchukua."

Nikamwambia, "Hatakuja. Nilipika chai kwa mazishi yake."

Sijui kama kupimwa kungemwokoa. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna aliyeipima ile chupa yake. Alikaa nyumbani akingoja simu kama mimi, na sisi tukampelekea githeri, tukamwombea, tukarudi nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza, "Chupa yako iko wapi?" Hata mimi sikumuuliza, na kuuliza ndiyo kazi yangu.

Kwa hivyo sitaki makofi. Nataka kujua ni nani hapa alikatwa akaambiwa angoje. Inua mkono, usione haya. Naona mmoja. Naona wawili. Sawa. Kesho saa kumi na mbili asubuhi tukutane kituoni, twende pamoja tuulize. Maziwa yatangoja.